Vazi Lisilo na Mfuko

Kopo lilikuwa la maziwa ya unga.
Kifuniko chake nimekinyoosha kwa nyundo mara mbili.
Ndani, pamba. Ndani ya pamba, watano.

Wa kwanza ni panya anayeuma mkia wake.
Baba alimpata Musoshi, enzi zile za kufua mashati
ya wahandisi Wajapani. Siku Bwana Tokunaga alipofunga sanduku
alimtoa mfukoni, akamweka kwenye kiganja chenye povu,
akasema neno moja.
Baba alilifikisha nyumbani likiwa bado limelowa:
neske.
Nilikuwa na miaka tisa. Nilidhani ni jino la mtu.

Lubumbashi ni mji unaopima kwa tani.
Bomba la moshi, mlima mweusi wa masalio ya shaba,
malori yanayolala barabarani hadi Kasumbalesa.
Nani atakuuliza habari za kitu kinachotosha kwenye ngumi?

Konokono nilimkuta Kamalondo, kwa mjane wa mpishi,
amesimama kwenye ubao wa dama
badala ya kete iliyopotea.
Nikampa mama yule kete mpya ishirini na nne, na mafuta lita mbili.
Alinicheka hadi mlangoni.
Chura juu ya ndala chakavu: soko la mtaa wa Kenya,
kati ya funguo zisizo na makufuli,
muuzaji akiapa kwamba ni dawa ya mafua.
Ganda la kunde, lenye funza anayechungulia,
nilibadilishana na saa ya ukutani iliyokuwa nzima.
Nilijuta siku tatu.
Halafu nikaona kwamba funza ana macho.

Mimi ni fundi saa. Udogo naujua.
Nina lenzi, nina subira, umeme ninao siku nyingine.
Ukikatika, nawatazama kwa vidole.
Mchongaji hakuiba kazi hata tumboni:
pale pasipotazamwa na mtu
mguu wa panya umekunjwa, kucha zote zipo.
Na matundu mawili, moja jembamba, moja pana,
lile pana la kumeza fundo.

Wa tano ni mwongo.
Kobe, dola hamsini, kwa Kabwit aliyetoka Guangzhou.
Nilipasha sindano, nikamgusa chini ya gamba,
akanuka kama ndoo inayoungua.
Matundu yake yana kingo kali; uzi haujawahi kupita humo.
Sikumtupa. Kila ukoo una mjomba wa namna hiyo.

Novemba, mvua ya kwanza juu ya mabati,
nikafungua kopo, nikahesabu: wanne.
Konokono hayupo.
Nilipekua pamba, magodoro, viatu vya watoto.
Nikamshuku mpwa wangu. Nikamshuku Kabwit.
Nikawashuku panya wa kweli.

Usiku Numbi akarudi kutoka sokoni ananuka makayabu,
akalegeza kitenge ahesabu faranga zake,
na pale kiunoni, juu ya mshipi wa kitambaa,
konokono amekaa,
kamba ya katani imepita matundu yote mawili,
na chini yake mfuko wa hela unaning'inia,
mzito.

"Haudondoki," akasema. "Zile pini zilikuwa zinanichoma."

Nilikuwa na maneno. Nilitaka kusema miaka mia na zaidi,
nilitaka kusema chumvi, jasho, magamba ya samaki.
Lakini mavazi ya watu wale hayakuwa na mifuko,
ndiyo maana kitu hiki kilizaliwa;
nimewaeleza hivyo wateja hadi wakasahau saa zao.
Na kitenge, tangu lini kina mfuko?

Fundo lilikuwa ndani ya tundu pana.
Sikumfundisha mimi.

Sasa pamba ina shimo lenye umbo la konokono.
Jioni naomba nimwone, napewa dakika mbili.
Upande unaogusa tumbo la Numbi
umeanza kuiva rangi ya chai.

Kobe naye nimempa kazi, abebe funguo za duka.
Jana nilimpitishia ukucha tunduni.
Kingo zinalainika.